Nightingale: Muuguzi aliyeiacha wodi ili aokoe wengi

JINA la Florence Nightingale linapotajwa, wengi hukumbuka picha ya mwanamke aliyevaa mavazi meusi, ameshika taa, akipita usiku katikati ya vitanda vya wanajeshi waliojeruhiwa. Picha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, ni sehemu ndogo mno ya maisha ya mwanamke aliyeishi miaka 90.

Bi Nightingale aliwahudumia wanajeshi hao kwa muda usiotimia miaka miwili, kati ya Novemba 1854 na Julai 1856. Baada ya hapo hakurejea tena wodini kuuguza. Kwa zaidi ya miaka 50 iliyofuata aliishi zaidi jijini London, mara nyingi akiwa mgonjwa kitandani. Hakuwa na cheo serikalini, hakuruhusiwa kupiga kura wala kuketi katika tume yoyote ya umma.

Lakini ni katika kipindi hicho cha kukaa ndani ambapo kazi yake iliokoa watu wengi zaidi kuliko wale aliowafunga vidonda kwa mikono yake. Alikuwa amejifunza, tena kwa uchungu, kuitambua tofauti iliyopo baina ya kazi inayomchosha mtu na kazi inayobadilisha mambo.

Muda uliokuwa mali ya kila mtu

Florence alizaliwa Mei 12, 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa ziarani Ulaya. Mji huo ndio uliompa jina. Dadake mkubwa, Parthenope, alikuwa amezaliwa mwaka mmoja awali mjini Naples, naye akapewa jina la kale la Kigiriki la mji huo.

Familia yao ilikuwa ya kitajiri. Walikuwa na makao mawili Uingereza, Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley katika jimbo la Hampshire. Babake, William Edward Nightingale, aliyesomea Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwafunza binti zake mwenyewe Kigiriki, Kilatini, historia na falsafa. Elimu kama hiyo ilikuwa nadra kwa wasichana wa enzi hizo. Florence alilipenda mno somo la hesabu.

Mnamo Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu alikuwa amemwita afanye kazi yake. Hakujua ni kazi gani. Ilimchukua miaka kadhaa kutambua kwamba moyo wake ulikuwa kwa wagonjwa. Mwaka wa 1845 aliomba ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury, karibu na kwao. Mamake na dadake walipinga kwa nguvu. Wakati huo wauguzi wa hospitali walidhaniwa kuwa walevi na watu wasio na maadili, na hakuna familia ya heshima ambayo ingemruhusu binti yake ajiunge nao.

Mbali na upinzani huo, palikuwa na kikwazo kingine ambacho hakikuonekana kwa urahisi. Binti wa tabaka lake hakuwa na saa hata moja iliyokuwa yake. Asubuhi ilikuwa ya kuwaandikia watu barua za salamu na kusikiliza wengine wakisoma kwa sauti sebuleni. Mchana ulikuwa wa kutembelewa na kutembelea. Jioni ilimezwa na karamu ndefu. Yeyote angeweza kumwita wakati wowote, naye alitarajiwa kuitikia kwa tabasamu.

Florence aliyaeleza masaibu hayo katika insha yake iitwayo Cassandra, aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1850. Alilalamika kwamba jamii iliuona muda wa mwanamke kuwa kitu kisicho na thamani, kiasi kwamba hata mwanamke mwenyewe aliona haya kukataa kukatizwa. Alishangaa ni mwanamume gani angefaulu katika taaluma yoyote kama angelazimika kuifanya katika vipande vya dakika zilizosalia baada ya kuwaburudisha wageni.

Suluhisho lake lilikuwa kuziiba saa za alfajiri. Alirauka kabla ya jua kuchomoza, akajifunika shali kujikinga na baridi, akasoma ripoti za serikali kuhusu hospitali na afya ya umma kwa mwangaza wa taa. Alijaza daftari baada ya daftari kwa takwimu na maelezo. Kengele ya kiamsha kinywa ilipolia, aliteremka mezani akawa tena binti mtiifu wa nyumbani. Kwa njia hiyo, pasi na kuingia chuo chochote, akawa mmoja wa watu wachache Ulaya walioijua vyema hali ya hospitali za nchi mbalimbali.

Alilazimika pia kukataa jambo alilolitamani. Kwa miaka kadhaa Richard Monckton Milnes, mbunge na mshairi, alimchumbia. Florence alimpenda. Lakini alipopima maisha ya mke wa mbunge, na karamu zake zisizokwisha, aliona kwamba yangekuwa yale yale aliyokuwa akiyakimbia. Mwaka wa 1849 alimkataa, na uamuzi huo ulimuumiza kwa muda mrefu.

Mnamo 1851, akiwa na miaka 31, hatimaye alifaulu kupata mafunzo ya miezi mitatu katika taasisi ya mashemasi wanawake mjini Kaiserswerth, Ujerumani. Miaka miwili baadaye, Agosti 1853, alichukua usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake wagonjwa katika barabara ya Upper Harley, London. Babake, aliyekuwa amechoshwa na ugomvi wa nyumbani, alimtengea pauni 500 kwa mwaka ili ajitegemee.

Majira ya baridi ya mauti

Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi. Mapigano makubwa yalikuwa katika Rasi ya Crimea, kwenye Bahari Nyeusi. Majeruhi na wagonjwa wa Uingereza walisafirishwa kwa meli hadi Scutari, eneo ambalo sasa ni sehemu ya jiji la Istanbul na hujulikana kama Üsküdar.

Gazeti la The Times lilipochapisha habari kwamba wanajeshi walikuwa wakifa bila madaktari wa kutosha wala hata vitambaa vya kufungia vidonda, umma ulighadhabika. Sidney Herbert, waziri katika Idara ya Vita na rafiki wa Bi Nightingale, alimwandikia akimwomba aongoze kikosi cha wauguzi. Oktoba 21, 1854 Bi Nightingale aliondoka London na wanawake 38. Walifika Scutari Novemba 4.

Waliyoyaona huko yalitisha. Hospitali kuu ilikuwa kambi ya zamani ya jeshi la Uturuki, kubwa mno na chafu mno. Wagonjwa walilala sakafuni kwenye korido ndefu. Chawa na panya walikuwa kila mahali. Vyoo vilikuwa vimeziba na uchafu kutapakaa. Chini ya jengo zima mlikuwa na mitaro ya majitaka iliyojaa, na upepo ulipovuma ulirudisha uvundo hadi wodini.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake hao. Bi Nightingale hakubishana nao. Aliwaamuru wauguzi wake wasiguse mgonjwa yeyote mpaka daktari aombe. Walikaa wakishona vitambaa na kutayarisha bandeji. Siku chache baadaye, majeruhi wa vita vya Inkerman walipofurika hospitalini, madaktari wenyewe walibisha hodi.

Kuanzia hapo alifanya kazi ya watu 10. Kwa fedha zake na zile zilizochangwa na wasomaji wa The Times, alinunua mashati, soksi, sahani, sabuni na brashi za kusugulia sakafu. Alikodi nyumba na kuigeuza mahali pa kufulia nguo. Alianzisha jikoni la chakula cha wagonjwa mahututi. Aligharamia ukarabati wa wodi zilizokuwa magofu. Usiku alipita katikati ya vitanda na fanusi ya Kituruki, kisha akaketi kuwaandikia barua jamaa za waliofariki. Februari 1855 gazeti moja la London lilichapisha mchoro wake akiwa na taa, na sifa zake zikavuma kote Uingereza.

Lakini wanajeshi waliendelea kufa. Katika mwezi huo huo wa Februari, wakati sifa zake zilipokuwa zikipanda, kiwango cha vifo hospitalini kilifikia takriban asilimia 42. Katika majira hayo ya baridi pekee, karibu wanaume 4,000 walikufa Scutari. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo.

Mapema Machi 1855 ndipo ilipofika tume ya usafi iliyotumwa na serikali mpya ya Waziri Mkuu Palmerston. Ndani yake mlikuwa na daktari John Sutherland na mhandisi Robert Rawlinson. Hawakuja kuuguza mtu. Walizibua mitaro, wakazoa takataka kwa mamia ya mikokoteni, wakazika mizoga ya wanyama zaidi ya 20, wakafungua madirisha na kupaka kuta chokaa. Waligundua kwamba maji yaliyokuwa yakiingia sehemu moja ya hospitali yalipitia kwenye mzoga wa farasi.

Kufikia Juni, kiwango cha vifo kilikuwa kimeshuka hadi takriban asilimia mbili.

Takwimu zilizomfungua macho

Bi Nightingale mwenyewe aliugua vibaya Mei 1855 alipozuru Crimea, nusura afe. Wataalamu wengi sasa huamini kwamba aliugua bruselosisi, maradhi yanayotokana na mifugo na maziwa yasiyochemshwa, ambayo wafugaji wengi wa Kenya wanayajua. Hakupona kabisa maishani mwake.

Aliporejea Uingereza Agosti 1856, taifa lilikuwa tayari kumlaki kwa bendi na magwaride. Alisafiri kwa jina bandia la Bi Smith na kufika nyumbani kimyakimya. Mwezi uliofuata alikutana na Malkia Victoria katika kasri la Balmoral, Scotland. Hakuomba nishani wala zawadi. Aliomba tume ya kifalme ichunguze afya ya jeshi lote.

Ili kuiandalia tume hiyo ushahidi, alishirikiana na William Farr, mtaalamu wa takwimu aliyefanya kazi katika ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Hesabu walizozikusanya ziliweka wazi mambo mawili makubwa.

La kwanza lilihusu vita vyenyewe. Wanajeshi wa Uingereza waliokufa kwa magonjwa katika vita hivyo walizidi 16,000. Waliouawa vitani na waliokufa kwa majeraha, wote kwa jumla, hawakufika 5,000.

La pili lilishtua zaidi. Hata wakati wa amani, askari vijana waliokuwa kambini nchini Uingereza walikuwa wakifa kwa kiwango kilichokaribia mara mbili ya raia wa umri wao. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa sababu ya afya yao njema. Kambi zenyewe, zilizosongamana na kukosa hewa safi, ndizo zilizokuwa zikiwaua.

Baadhi ya wanahistoria wanashikilia kwamba ni hapa alipopata pigo kubwa kuliko yote maishani. Alipoondoka Scutari bado aliamini kwamba wengi walikufa kwa sababu ya njaa, kazi nzito na kuchelewa kufikishwa hospitalini. Takwimu zilionyesha kwamba hospitali yake mwenyewe ilikuwa mtego wa mauti. Mashati, supu, barua na usiku wote aliokesha viliwafariji wanaume hao, lakini mitaro iliyozibuliwa ndiyo iliyozuia mauti. Agosti 1857, mwaka mmoja baada ya kurejea, alianguka kwa maradhi na uchovu akadhaniwa kuwa atafariki.

Alikuwa na umri wa miaka 37. Mtu mwingine angejitetea au angekata tamaa. Yeye aliamua kwamba nguvu chache alizobakiwa nazo angezielekeza mahali pamoja tu, yaani kwenye chanzo cha vifo, hata kama ingemlazimu kuachana na kazi iliyompa jina.

Nyuma ya mlango uliofungwa

Kuanzia wakati huo maisha yake yalibadilika kabisa. Aliishi katika vyumba vya hoteli ya Burlington, London, na baadaye katika nyumba za kukodi. Mnamo 1865 alihamia barabara ya South, eneo la Mayfair, alikoishi hadi kufa kwake. Hakuhutubia mikutano. Hakuhudhuria karamu wala sherehe za kumsifu. Mgeni aliyetaka kumwona alihitaji miadi, na alionana na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mawaziri, majenerali na magavana waliokuwa njiani kwenda India walisubiri zamu yao. Hata mamake na dadake, waliotamani kukaa naye siku nzima, mara nyingi walizuiwa mlangoni.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli, na maumivu yalimfanya ashindwe kutembea kwa vipindi virefu. Lakini ugonjwa huo ulimpa pia kitu alichokitafuta tangu ujana wake, yaani mamlaka juu ya saa zake. Binti aliyekuwa akiitwa kila dakika sasa aliitwa na yeyote pale tu alipotaka yeye.

Ndani ya vyumba hivyo kazi ilichacha. Tume ya Kifalme iliundwa Mei 1857 na kuongozwa na Sidney Herbert. Kwa kuwa mwanamke hakuweza kuwa mwanachama, Bi Nightingale alitoa ushahidi wake kwa maandishi. Hata hivyo, yeye ndiye aliyekuwa injini. Alipendekeza majina ya wanachama, akatayarisha maswali ya kuulizwa mashahidi, na kumwelekeza Herbert kabla ya vikao. Sambamba na hayo aliandika ripoti yake binafsi ya zaidi ya kurasa 800 kuhusu afya ya jeshi.

Alijua kwamba mawaziri hawasomi kurasa 800. Hivyo alibuni mchoro wa duara uliogawanywa katika vipande 12, kipande kimoja kwa kila mwezi. Rangi ya buluu iliwakilisha waliokufa kwa magonjwa yanayoweza kuzuiwa, nyekundu waliokufa kwa majeraha, na nyeusi waliokufa kwa sababu nyinginezo. Mtu yeyote aliyeutazama kwa dakika moja aliona buluu ikiimeza nyekundu. Mnamo 1858 alichaguliwa mwanachama wa chama cha wanatakwimu cha London, akiwa mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo.

Mapendekezo ya tume hayakuachwa yaote vumbi kabatini, kama ilivyo desturi ya ripoti nyingi. Yeye na Herbert walihakikisha kwamba panaundwa kamati ndogo nne za utekelezaji, zilizoshughulikia ukarabati wa kambi, takwimu za jeshi, shule ya udaktari wa kijeshi na kanuni za hospitali. Ndani ya miaka michache, vifo katika kambi za Uingereza vilipungua kwa karibu nusu.

Hata uuguzi wenyewe aliutazama kwa jicho hilo hilo. Wananchi walikuwa wamechanga takriban pauni 45,000 kumshukuru. Kwa fedha hizo shule ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka wa 1860. Bi Nightingale hakuiongoza mwenyewe. Alimwachia kazi hiyo Sarah Wardroper, mkuu wa wauguzi wa hospitali hiyo, na mwanzoni alishughulikia zaidi masuala mengine. Alielewa kwamba yeye peke yake angeweza kuwauguza wagonjwa wa wodi moja, ilhali wanafunzi wa shule hiyo wangeweza kwenda kuanzisha shule nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Mnamo 1868, kwa mfano, kundi lililoongozwa na Lucy Osburn lilifika Sydney, Australia, kuanzisha huko uuguzi wa aina hiyo.

Kwa wale wasioweza kufika chuoni, aliandika kitabu kidogo kuhusu uuguzi, Notes on Nursing, kilichoanza kuuzwa Januari 1860. Kiliwalenga akina mama wa nyumbani, kikisisitiza hewa safi, maji safi, mitaro safi na mwangaza. Kilinunuliwa kwa maelfu katika wiki za kwanza.

Gharama ya mwelekeo mmoja

Wasifu huu hautakamilika bila kutaja walioumia. Bi Nightingale hakujihurumia, na hakuwahurumia sana waliomzunguka. Aliyelipa gharama kubwa zaidi ni Sidney Herbert. Baada ya kuteuliwa waziri mkuu wa masuala ya vita mwaka wa 1859, Herbert alijaribu kuipanga upya idara hiyo iliyojaa ukiritimba. Madaktari walipomwambia kwamba figo zake zilikuwa zimeharibika, alitamani kupumzika. Bi Nightingale, ambaye mwenyewe alifanya kazi akiwa hoi kitandani, alimhimiza asiache. Herbert alishindwa kuikamilisha kazi hiyo, na Agosti 2, 1861 akafariki akiwa na miaka 50.

Miezi mitatu baadaye alifariki Arthur Hugh Clough, mshairi aliyeacha kutumia kipawa chake na badala yake kumsaidia kusahihisha miswada na kupeleka barua. Kabla ya hapo, shangazi yake Mai, aliyeiacha familia yake ili amtunze, alikuwa amerudi nyumbani kwa mumewe na watoto. Bi Nightingale aliona hatua hiyo kuwa usaliti, na uhusiano wao ulipoa kwa karibu miaka 20.

Alimlilia Herbert kwa muda mrefu. Kifo hicho kilimwonyesha kwamba mtu anaweza kuchagua kazi sahihi na bado akawachosha kupita kiasi wale anaoifanya nao. Aliyebaki naye kwa zaidi ya miaka 30 ni Dkt Sutherland, yule wa tume ya usafi. Daktari huyo alikuwa na tatizo la kusikia, hivyo mara nyingi walijadiliana kwa kuandikiana vikaratasi, ambavyo vingi vimehifadhiwa hadi leo.

Bara ambalo hakulikanyaga

Hakuna mfano unaoonyesha mbinu zake kama kazi yake kuhusu India. Tume nyingine ya kifalme iliundwa mwaka wa 1859 kuchunguza afya ya jeshi la Uingereza nchini humo. Bi Nightingale hakuwahi kufika India. Badala yake, aliandaa fomu za maswali na kuzituma katika vituo vyote vya jeshi. Majibu yalimiminika kwa wingi hivi kwamba kila alipohama nyumba, karatasi hizo zilihitaji magari ya farasi kuzibeba.

Ripoti iliyotoka 1863 ilikuwa na zaidi ya kurasa 2,000. Ilidhihirisha kwamba wanajeshi 69 kati ya kila 1,000 walikuwa wakifa kila mwaka, na tena sababu kuu ilikuwa maji machafu, mitaro mibovu na msongamano. Kwa mara nyingine alifupisha mlima huo wa karatasi kuwa maelezo mafupi yenye picha, yaliyosomwa na watu ambao kamwe wasingeifungua ripoti kamili. Muongo mmoja baadaye, idadi hiyo ya vifo ilikuwa imeshuka hadi 18 kati ya kila 1,000.

Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo alivyotambua kwamba haikutosha kuwaokoa wanajeshi ilhali mamilioni ya wanavijiji wa India waliteseka kwa njaa na maradhi. Aliandika kuhusu unyunyizaji maji, kodi za ardhi na usafi wa vijiji. Katika kazi hii hakufanikiwa sana, kwani serikali ya kikoloni haikutaka kugharamika.

Alikosea pia katika mambo mengine. Kwa miaka mingi aliamini kwamba maradhi husababishwa na hewa chafu, na alichelewa kuikubali nadharia ya viini. Vilevile alipinga pendekezo la wauguzi kusajiliwa rasmi, jambo ambalo leo ni la kawaida kote duniani. Hata hivyo, usafi alioupigania uliua viini hivyo hata kabla hajakubali kwamba vipo.

Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 macho yake yalipofuka. Mwaka wa 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa nishani ya Order of Merit, akiwa mkongwe mno kuelewa vyema yaliyokuwa yakiendelea. Alifariki usingizini Agosti 13, 1910. Familia ilikataa azikwe katika kanisa la Westminster Abbey pamoja na wafalme, ikafuata wosia wake na kumzika kijijini East Wellow, Hampshire, karibu na makao yao ya zamani. Kwenye mnara wa kaburi lake ziliandikwa herufi za kwanza za jina lake pamoja na miaka ya kuzaliwa na kufariki.

Tangu 1974 siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, huadhimishwa kama Siku ya Kimataifa ya Wauguzi, Kenya ikiwemo. Mwaka wa 2020, miaka 200 tangu azaliwe, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga. Ikasadifu kwamba ni mwaka huo huo ambapo janga la Covid-19 liliikumba dunia, na hospitali za dharura zilizofunguliwa Uingereza zikapewa jina lake. Miongoni mwa ushauri ambao watu walipewa ulikuwemo ule ule aliourudia maisha yake yote: kunawa mikono, kufungua madirisha, kuepuka msongamano.

Katika sherehe za Mei 12 wauguzi wengi huwasha mishumaa kwa kumbukumbu ya ile taa ya Scutari. Taa hiyo inastahili heshima yake, kwani iliwapa faraja wanaume waliokuwa wakifa mbali na kwao. Lakini walionusurika baadaye, wa kambi za Uingereza na wa vituo vya India, hawakuwahi kuiona. Waliokolewa na mwanamke mgonjwa aliyefunga mlango, akaketi na kalamu ya risasi na karatasi za hesabu, akitafuta mahali ambapo mtaro mmoja ukizibuliwa, maelfu wataishi.